Bastola Isiyo na Uzito

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na ile ya mwisho niliitumia kuwaandaa walimu katika chuo cha ualimu. Kwa kazi hiyo nimenyang'anya riwaya nyingi za upelelezi kuliko nilizonunua. Nakiri, msomaji mpendwa, kwamba aghalabu nilizisoma usiku uleule kwa taa ya chemli, asubuhi nikamrudishia mwenyewe pamoja na karipio. Sikudhani kwamba uzeeni zingenifuata mpaka barazani kwangu Ujiji.

Jioni moja alikuja kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafanya biashara ya dagaa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alinieleza kwamba majambazi walimvamia ziwani usiku, wakachukua injini ya boti na fedha za mauzo. Alitaka ushauri juu ya kuomba leseni ya bastola. Nilimuuliza anataka ya namna gani. Akajibu bila kusita: "Ndogo, mwalimu, ya kukaa kwapani, kama ya Willy Gamba."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alikuwa anachagua silaha kwa kufuata riwaya.

Sina nia ya kumdharau Elvis Musiba. Tangu *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, vijana wengi waliochukia kusoma walikesha na Kiswahili mikononi. *Kikosi cha Kisasi* ya mwaka 1979 inampeleka shujaa Kinshasa, katika nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa anga likitakata. Naye Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wetu huu, alimpa Joram Kiango ulimi mwepesi na mwendo usiochosha. Waandishi hao wanatudai shukrani.

Lakini hakiki bila lawama ni pongezi tu. Lawama yangu ni kwamba katika riwaya za aina hii bastola haina uzito. Huonekana inapohitajiwa na kutoweka ikishafanya kazi. Mpaka ukurasa wa mwisho huelezwi inakaa wapi shujaa akiinama, wala inalala wapi yeye akilala.

Tazameni wenzetu. Mwaka 1956 mpenzi mmoja wa silaha, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia Ian Fleming kumwambia kwamba Beretta ya James Bond ni silaha ya kike. Fleming hakukasirika. Katika riwaya ya mwaka 1957 akaifanya bastola hiyo inase kwenye nguo wakati wa hatari, na katika *Dr. No* ya mwaka 1958 Bond akanyang'anywa, akapewa Walther PPK. Hapo bastola ina nguo, na kosa lina gharama. Hata hivyo Fleming naye aliteleza kwenye ngozi. Ala aliyompa Bond, ya Berns-Martin, ilitengenezwa kwa rivolva. Springi yake hukamata ule mzinga unaozunguka, na PPK haina mzinga. Ikiwa mwandishi aliyeuliza alikosea, itakuwaje kwa asiyeuliza?

Basi nikamsomesha kijana wangu riwaya ambayo haijaandikwa. Kwapani panataka koti, na Kigoma kabla ya mvua nani anavaa koti sokoni? Kiunoni panataka mkanda mgumu na ala inayofunika kifyatulio na kushika silaha usipoishika wewe, maana utainama kupakia magunia na utasujudu msikitini. Chuma cha zaidi ya nusu kilo kitavuta suruali siku nzima. Bastola ndogo hufichika kwa urahisi, lakini mtutu wake mfupi hauna shabaha kwa asiye na mazoezi, na wepesi wake huifanya iruke mkononi. Sasa fikiria uko ndani ya boti, gizani, mawimbi yanapiga. Na ukirudi nyumbani, watoto wataikuta wapi?

Sisi wa mwambao huu hatuhitaji riwaya kutufundisha silaha ni nini. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa mwaka 1993, na tena vita vilipozuka Kongo mwaka 1996, tuliwapokea watu waliokuja na godoro na mtoto mgongoni. Bunduki nazo zilivuka, na ujambazi ukazijua njia zetu. Mwandishi anayeifanya bastola kuwa pambo anaandika kana kwamba hayo hayakutokea.

Nikamkumbusha pia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyotoka mwaka 1960. Yeye alikuwa na kiko chake na akili yake, na msomaji hakuona amepunjwa.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, nikikutana nao tena?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Tulizungumza juu ya boti kusafiri kwa kundi, na fedha kutolala ndani ya boti. Kuhusu leseni, alisema atakwenda polisi kuuliza masharti kabla ya kuamua, nami sikumkataza, kwa kuwa aliyevamiwa si mimi. Alipoondoka nilimwazima kitabu cha Bwana Msa. Hajakirudisha, na sijamdai.