Manahodha Wawili, Chombo Kimoja: Kukisoma Child Soldier

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ilinijia niliposhika kitabu cha Child Soldier: When Boys and Girls Are Used in War, kilichochapishwa Kanada mwaka 2015. Jalada lake lina waandishi wawili: Jessica Dee Humphreys, Mkanada, na Michel Chikwanine, mzaliwa wa Kongo aliyekulia Beni. Michoro ni ya Claudia Dávila. Nilitarajia kwamba sauti ya mtoto wa Kongo ingemezwa na ya mgeni, na kwamba katuni zingefanya vita vionekane mchezo. Nilikosea yote mawili, ingawa si kwa kiasi sawa.

Hiki si kisa cha kubuni. Ni maisha ya kweli yaliyosimuliwa kwa vijana kwa mbinu za riwaya na picha. Mwaka 1993 Michel, mwenye umri wa miaka 5, anacheza mpira na wenzake baada ya masomo. Waasi wanawateka. Anakatwa mkononi, dawa ya kulevya iliyochanganywa na baruti inapakwa kwenye jeraha, anafungwa kitambaa machoni, kisha analazimishwa kufyatua risasi inayomuua rafiki yake mkubwa. Baadaye anatoroka.

Msomaji aliyezoea visa vya utekaji hudhani kutoroka ndiko kilele na kufika nyumbani ndio mwisho. Hapa sivyo. Mtoto anarudi kwa wazazi akiwa amebeba hatia ambayo kwa haki ni ya watu wazima waliompa bunduki. Kisha vita vinaifuata familia nzima. Baba yake, mtetezi wa haki za binadamu, anateswa, na anafia uhamishoni Uganda mwaka 2001. Michel anafika Kanada mwaka 2004. Msuko huu unamnyima msomaji faraja ya haraka, na hapo ndipo penye ukweli wa kitabu.

Kifani, nafsi ya kwanza ndiyo iliyokiokoa. "Mimi" anayesimulia ni mmoja tu, na ni Michel. Picha nazo zina staha: hazishindani kuonyesha damu, bali zinatuachia nyuso tuzisome. Kwa maudhui haya, kunyamaza kwa mchoraji kuna uzito kuliko maelezo marefu.

Hata hivyo, mkono wa pili haufichiki mpaka mwisho. Kurasa za nyuma zinaacha kisa na kufafanua suala la watoto askari duniani. Maelezo hayo yana faida, lakini yanazungumza na kijana aliye mbali na vita, anayehitaji kuambiwa kwamba mambo haya yapo. Sisi tunaosoma Bwesumbu, juu ya milima ya Rwenzori, si msomaji huyo. Ukishuka Bwera na kuvuka mto Lhubiriha pale Mpondwe, unaingia Kasindi, na barabara inaendelea hadi Beni. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanaelewana kwa lugha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine wakatekwa na kuvushwa mpaka.

Kwa sababu hiyo, swali la nani ashike kalamu si la darasani tu. Siku moja manusura wa Mpondwe atataka kusimulia, na huenda akahitaji mwenzake wa kumsaidia kupanga sura na kutafuta mchapishaji. Si aibu, kidole kimoja hakivunji chawa. Kitabu hiki kinatuonyesha sharti la ushirika huo: aliyeona ndiye ashike usukani, na mwenzake avute kasia. Ningeongeza sharti la pili, ambalo waandishi hawa hawakulitimiza: kisa kiandikwe pia kwa ajili ya mtoto wa Bwera, ambaye hahitaji kuelezwa vita ni nini. Huyo anahitaji kusoma, kwa lugha anayoielewa, kwamba aliyelazimishwa hana hatia.