Wapimaji wa Embu
Utafiti fuatilizi, yaani ule unaowarejea watu walewale kwa kipindi kirefu, ulifanyika vijijini Embu, kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, kati ya 1984 na 1986, chini ya Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ukiwafuatilia wajawazito na watoto wao, sambamba na tafiti za aina hiyo nchini Misri na Meksiko. Pongezi kubwa zaidi zinawastahili wapimaji, wenyeji waliofunzwa kukaa jikoni na mizani, wakipima viungo kabla havijaingia sufuriani, kisha chakula cha kila mlaji na mabaki yake, kazi ambayo hawakuiacha hata ukame wa 1984 ulipopunguza mahindi na maharagwe. Subira hiyo ndiyo iliyodhihirisha kwamba watoto waliopata nyama na maziwa, hata kwa uchache, walikua na kujifunza vizuri zaidi. Na kwa kuwa mambo mawili kuandamana si thibitisho kwamba moja limelizaa jingine, mwaka 1998 lilianza jaribio katika shule 12, ambapo baadhi ya wanafunzi walipewa githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na familia za wale ambao hawakupewa chakula zikapata mbuzi wa maziwa mwishoni, jambo la haki kabisa.