Jivu Halifunguliwi: Juu ya Vitenzi vyetu na Yale Tuyajuayo Bila ya Kufundishwa

Kila unapozuka kwetu mjadala wa lugha na maarifa, huanzia kwenye mpunga, mchele na wali, na aghalabu huishia hapo hapo. Msemaji huonesha kwamba Mwingereza ana neno moja pale ambapo sisi tunayo matatu, watu hupiga makofi, na baraza huvunjika. Sina ugomvi na wali. Lakini majina ya vitu ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili, kwa kuwa kila jamii hukipa majina mengi kile inachokishika kila siku. Elimu iliyo nzito zaidi imo ndani ya vitenzi, mahali ambapo hata mshairi mzoefu hupita bila ya kutazama anapokanyaga.

Tuanze na ile kauli ambayo wanasarufi huiita ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Twika, tua. Anika, anua. Vitabu vya shule huieleza kwa sentensi moja: kiambishi hiki hugeuza maana ya kitenzi. Sawa. Lakini mbona basi hatuna pikua, wala chinjua, wala vunjua? Hakuna aliyetukalisha chini akatukaririsha orodha ya vitenzi vinavyokubali na vinavyokataa. Tunajua kwa sababu tunaujua ulimwengu. Fundo likifungwa, kamba hubaki ile ile, na mkono uliofunga unaweza kurudi ulikotoka. Wali ukishaiva hakuna mkono utakaourudisha kuwa mchele. Karafuu huanikwa juu ya majamvi, na wingu likitanda nyumba nzima hukimbilia kuzianua. Kuanika na kuanua ni njia moja, kwenda na kurudi. Ama zikishakauka, zimekauka. Zikinyeshewa zitalowa, na kulowa ni tukio jingine lenye neno lake, halikuazima chochote kwa kukauka.

Kitenzi kinachonivutia kuliko vyote ni choma. Kina maana mbili: kupenya kwa ncha na kuunguza kwa moto. Mwiba huchoma, na moto huchoma. Sasa kitafutie kinyume chake, nacho ni chomoa. Mwiba huchomolewa mguuni, kisu huchomolewa alani. Samaki aliyechomwa hachomolewi, isipokuwa huo ujiti aliochomekwa. Kiambishi kimeingia katika neno lenye maana mbili, kikaichukua ile inayoweza kurejeshwa na kuiacha ile isiyorejesheka. Sijui kitabu cha falsafa kilichoyasema hayo kwa silabi chache zaidi.

Linalofuata ni umba na umbua. Aliyeumba ni Mungu, na kazi yake binadamu hawezi kuitengua. Hata hivyo neno umbua lipo, tena linatumika sana. Maana yake ni kumtia mtu aibu, kuzifichua kasoro zake mbele za watu. Binadamu hakupewa uwezo wa kumrejesha mwenziwe katika kutokuwapo, akapata kitenzi cha kumfanya aone haya kuwapo.

Nisidhaniwe kuwa nasema kila mwisho wa namna hii hugeuza maana. Kamua haitengui kama, inaikaza. Lugha si sheria ya bunge. Lakini pale kauli inapotendua kwa kweli, hutendua kinachotendulika, na hapo ndipo mhakiki hupata mizani nyingine ya kupimia shairi, zaidi ya ile ya kuhesabia silabi.

Mashairi mengi ya mapenzi yanayotufikia siku hizi hayana ila katika arudhi. Vina vimetimia, kila mshororo una mizani kumi na sita, kituo kimekaa mahali pake. Kisha unasoma. Katika mshororo wa kwanza moyo umefungwa pingu. Katika wa pili moyo umeungua, umekuwa jivu. Katika wa tatu mshairi anamlilia mpenzi amfungulie. Amfungulie nini? Jivu halifunguliwi. Msomaji aliyewahi kuzoa majivu jikoni ameshaondoka, ingawa macho yake bado yako kwenye karatasi. Mshairi hakukosea kanuni yoyote ya utunzi. Amekosea juu ya moto. Na la ajabu ni kwamba angeitumia lugha yake kama anavyoitumia sokoni, asingekosea.

Penda, kwa mfano, haina kitenduzi. Lugha haikutupa pendua. Anayetaka kuyaondoa mapenzi hulazimika kuazima kwa majirani: huacha, husahau, huchukia, humtoa mtu moyoni. Katika kutia na kutoa moyo unakuwa chombo. Katika kusahau mapenzi yanakuwa habari. Katika kuacha yanakuwa mazoea, kama tumbaku. Mshairi anayechagua mojawapo ya maneno hayo amekwisha kusema mapenzi yake ni kitu gani, na beti zinazofuata zina wajibu wa kumtii. Wazee wetu wa mafumbo walilijua hili vyema. Fumbo hufumbwa na hufumbuliwa, kitendawili hutegwa na huteguliwa, kwa hiyo anayekitoa huwa amekwisha kuahidi kwamba njia ya kurudi ipo. Asiyeiacha njia hiyo hajatega kitendawili. Amefunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Kiambishi -me- nacho kina siri yake. Mwalimu huwaambia wageni kwamba ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka. Basi mgeni huiona sentensi, "Amevaa kanzu, amebeba kapu, amekula," akaitafsiri yote kwa kipimo kimoja, na mtu wetu akawa amemaliza kila kitu na yuko huru. Sisi twasikia vingine. Kanzu iko mwilini sasa hivi, kapu liko mkononi sasa hivi, chakula ndicho kilichokwisha. Amelala, amesimama, amekaa, ameshika: kitendo kilikuwa cha kufumba na kufumbua, na kilichobaki ni hali. Alama ni moja. Kinachotenganisha ni ujuzi wetu kwamba nguo ikishavaliwa hukaa, na tonge likishamezwa huenda zake. Ndiyo maana neno amelala, katika maombolezo, laweza kumweka mtu kitandani na kaburini kwa wakati mmoja, bila ya mshairi kuongeza lolote. Nimelitafsiri neno hilo kwa Kiingereza mara nyingi, na kila mara nimelazimika kuchagua moja ya nyumba hizo mbili na kuifunga nyingine.

Mara nyingine sarufi hunyamaza kabisa na kuiachia akili kazi yote. "Babu amepanda mnazi." Mnazi mmoja, babu mmoja, na mambo mawili yaliyo mbali mbali. Ukiongeza "akaangua madafu," babu yuko juu. Ukiongeza "wajukuu watakula," babu yuko chini, ana jembe.

Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Terry Winograd, alitoa mfano wa aina hii ambao watu wa kompyuta hawajaacha kuurudia. Madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu waliogopa ghasia. Nani walioogopa? Madiwani. Sasa sema: kwa sababu walihimiza ghasia. Mara moja ni waandamanaji. Hakuna kiambishi kilichosogea. Kilichosogea ni yale tuyajuayo juu ya watu wa namna mbili hizo. Mwaka 2012 Hector Levesque na wenzake waliyafanya maswali kama hayo kuwa mtihani wa kompyuta. Mmoja wa mifano yao ni wa kombe lisiloingia katika sanduku la safari kwa kuwa ni kubwa mno, au dogo mno. Kwa Kiingereza ni akili tu inayoamua kipi ni kipi. Kwetu inategemea umechagua neno gani. Ukisema kombe na mkoba, ngeli imekwisha kuamua: lilikuwa kubwa, ulikuwa mdogo. Ukisema kombe na sanduku, ngeli ni moja na fumbo linarudi. Programu za kompyuta ziliufaulu mtihani huo kwa wingi kabla ya mwaka 2020, kwa Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili anapaswa kujua kwamba kuna siri ambazo ngeli zake huzitoboa, na nyingine ambazo huzitunza bila ya yeye kukusudia, kama yule "yeye" wa mashairi ya mapenzi asiyetaja kama ni mume au mke.

Wapo watakaosema kuwa lugha yetu, basi, ni hazina ya hekima tupu. Siandamani nao mpaka mwisho wa njia. Twasema jua linatua, na halitui popote. Twasema mwezi umepatwa, kana kwamba kuna aliyeunasa. Kaskazini na kusini zimechukua majina ya pepo, kaskazi na kusi, na leo mkaazi wa bara asiyepata kuona jahazi huyatumia majina hayo bila ya kuhisi upepo wowote. Elimu iliyomo katika lugha ya kila siku ni ya mtu aliyesimama ufukweni akatazama: ni sahihi kwa kadiri jicho linavyofika.

Jicho hilo hilo ndilo lililotupa saa. Visiwa vyetu viko karibu nyuzi sita tu kusini ya ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Kwa hiyo kuhesabu tangu jua kuchomoza, na tena tangu kuchwa, ni hesabu inayosimama mwaka mzima. Warumi nao waliugawa mchana sehemu kumi na mbili na usiku kumi na mbili, ingawa kwao saa zilirefuka na kufupika kwa majira. Nalikumbuka hilo kila nisomapo mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri, ukachapishwa mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika kitendo cha pili wala njama wako nyumbani kwa Brutus usiku wa manane, na saa inagonga mara tatu. Roma haikuwa na saa za kugonga, na wahakiki wa Kiingereza wamekwisha kulicheka sana jambo hilo. Lakini Kiswahili kinaleta utamu wake: kwetu ni saa tisa ya usiku, na Mrumi mwenyewe angeihesabu kuwa ya tisa. Limebaki swali la jukwaani tu, kengele igonge mara ngapi. Ningeulizwa mimi, ningesema tatu. Watazamaji wetu tangu utotoni huona mshale kwenye tatu wakasoma tisa, na hapana hata mmoja atakayegeuka kumtazama mwenziwe.