Mistari 65,536

Waliofuatilia sakata la takwimu za korona za Uingereza mwaka 2020 wanaikumbuka jumla: wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwenye hesabu ya taifa. Mimi bado nimekwama kwenye tarehe 28 Septemba. Pitieni tena orodha ya upungufu, siku kwa siku. Tarehe 25 walipotea 957, tarehe 26 wakapotea 744, tarehe 27 wakapotea 757. Tarehe 28, sifuri. Kisha 1,415, halafu 3,049, halafu 4,133, na tarehe 2 Oktoba 4,786.

Sifuri ile inanikera kuliko hata zile 4,786 za mwisho. Mfumo ukifa kabisa, mtu hupiga simu, hulalamika, hutafuta fundi. Huu haukufa. Mzigo ukizidi ulikata mkia kimyakimya. Mzigo ukipungua ulipitisha kila kitu, ukaonekana mzima. Na uliundwa hivyo kwa uamuzi wa binadamu, si kwa bahati mbaya.

Njia mnaijua. Maabara za binafsi zilituma matokeo kwa CSV. Public Health England ilikuwa na kazi moja, kuyafikisha matokeo hayo kwenye mfumo mkuu, ambako takwimu za kila siku na timu za kutafuta waliokaribiana na wagonjwa zingeyachukua. Badala ya kuiingiza CSV moja kwa moja kwenye hifadhidata, wakaweka kituo katikati: kiolezo cha Excel. Tena si Excel ya leo. Wakachagua XLS.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na yote yaliyofuata ni matokeo tu. XLS huandika namba ya mstari kwa biti 16, kwa hiyo karatasi yake inaishia mstari wa 65,536, hata ungekuwa na kompyuta ya namna gani. XLSX yenye mistari 1,048,576 ilikuja na Excel 2007. Aliyechagua XLS kwa kazi ya mwaka 2020 alichukua umbo lililokuwa limeshapata mrithi kwa miaka 13. Isitoshe, kila kipimo kilikula mistari kadhaa, si mmoja, kwa hiyo kiolezo kimoja kiliweza kubeba wagonjwa 1,400 hivi tu. Wa baada ya hapo waliachwa nje ya mlango.

Nimesikia utetezi kwamba wangetumia XLSX mambo yangekwisha. Sikubali. XLSX ingeisogeza tarehe ya ajali mbele, basi. CSV ni maandishi matupu, haina mstari wa mwisho ila pale faili linapoishia. Hifadhidata upande wa pili inameza mamilioni ya rekodi. Kati ya pipa na pipa, mtu akachomeka chupa yenye shingo nyembamba, kisha akashangaa maji yamemwagika. Kosa ni chupa kuwepo pale. Ukubwa wa shingo ni suala la baadaye.

Na dalili zilikuwepo. Takwimu zilizotangazwa kuanzia tarehe 29 Septemba zilikuwa 7,143, kisha 7,108, kisha 6,914, kisha 6,968. Ugonjwa uliokuwa ukipanda ukajilaza ghafla kama mkeka! Rudisha waliopotea uone: 8,558, halafu 10,157, halafu 11,047, halafu 11,754. Mchambuzi yeyote wa data akiona idadi iliyokuwa ikikua inagota mahali pamoja siku nne mfululizo, swali la kwanza ni kama kuna dari. Hesabu ya kulinganisha mistari ya CSV iliyoingia na rekodi zilizotoka ingelijibu swali hilo kabla ya kikombe cha chai kupoa.

Ukifungua kwa mkono faili lililozidi kiwango, Excel hukuambia kwamba halikupakiwa lote. Ujumbe huo umetengenezwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyeketi mbele ya kioo. Kazi inayojiendesha usiku haina jicho.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba mimi na Excel tuna kesi ndefu, kwa hiyo nivumilieni. Ni programu nzuri ya kupigia hesabu. Ukiifanya daraja la kuhamishia data, inaanza kuyafikiria mambo kwa niaba yako. Fungua CSV ya namba za simu uone sifuri ya mbele inavyoyeyuka. Bandika namba ya NIDA ya tarakimu 20 bila vistari, nayo itakurudishia tarakimu 15 za kweli na sifuri tano za kubuni, kwa sababu usahihi wake unaishia tarakimu 15. Wanasayansi wa jeni wamesalimu amri kabisa: mwaka huohuo wa 2020 walitangaza kanuni mpya za majina, SEPT1 ikaitwa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilishikilia kwamba hiyo ni tarehe ya Septemba. Na ukiiunganisha karatasi ya Excel kupitia dereva ya Jet, inachungulia mistari minane ya kwanza, inaamua safu nzima ni ya namba, kisha neno lolote litakalotokea mstari wa tisa linageuzwa kuwa tupu. Minane! Nimelipigia kelele jambo hili miaka na miaka.

Wazee walifanyaje? Wayne Ratliff, aliyetuandikia dBase II iliyoingia sokoni mwaka 1980, alitupa amri ya APPEND FROM. Ikimaliza, inakuandikia ni rekodi ngapi zimeongezwa. Namba moja tu kwenye kioo cheusi, unailinganisha na ya aliyekutumia faili, mnamaliza. Najua atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba dBase II nayo iliishia rekodi 65,535 kwa faili moja. Kweli, iliishia hapo, ila huo ulikuwa mwaka 1980, wakati wa kompyuta za biti 8, na ilipokuja dBase III dari hilo lilipandishwa hadi bilioni. Access, ambayo vijana wanaicheka, ikishindwa kuingiza baadhi ya data hukutengenezea jedwali la makosa: safu ipi, mstari upi, sababu gani. PostgreSQL ndiyo kali kuliko zote. Amri yake ya COPY ikikuta mstari mmoja mbovu inagoma na haiingizi hata mmoja. Ikifaulu inakutajia idadi. (Toleo la 17 la mwaka 2024 limeongeza ruhusa ya kuruka mistari mibovu. Sijalifurahia.) COPY, CSV ya maabara na jedwali moja la kupokelea: hiyo ndiyo kazi nzima iliyohitajika.

Nitoe haki: kosa lilipogunduliwa usiku wa tarehe 2 Oktoba, majina yote yalifikishwa kwa timu za ufuatiliaji ndani ya saa chache, na wagonjwa wenyewe walikuwa wameshapata majibu yao kama kawaida.

Ila waliokaa nao sebuleni, waliopanda nao basi na waliofanya nao kazi, hakuna aliyewapigia simu kwa siku hizo zote. Jumapili tarehe 4 takwimu ya siku ikaruka hadi 22,961 kwa sababu ya madeni yaliyorudishwa, na kesho yake Waziri wa Afya, Matt Hancock, akasimama bungeni kujieleza. Mafundi nao walikuwa wameshatoa dawa yao: mafaili makubwa yakatwe vipande vidogo vidogo, ili kila kipande kitoshee kwenye kiolezo.