Nairuzi: Tutenganishe Hisabu na Itikadi

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Kila ufikapo mwezi wa Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekewa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na wageni hukirimiwa. Kisha huzuka mabishano yaleyale. Wako wasemao: haya ni ya Washirazi, nao walikuwa Waislamu, basi hayana ubaya. Wengine husema: haya ni ya Majusi, basi mwenye kushiriki amekufuru. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zimekichukua kitu chenye sehemu nyingi zikakipa hukumu moja.

Kwanza, hoja ya asili. Nairuzi ni neno la Kiajemi, maana yake "siku mpya", na sikukuu hiyo ilikuwako Uajemi kabla ya Uislamu. Basi hata tukiyakubali masimulizi ya Kishirazi, ambayo wanahistoria wanayajadili, nasaba si dalili ya kisheria. Abu Daud na An-Nasai wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaeleza kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora: Adh-ha na Fitri. Baadhi ya washereheshaji wamesema siku hizo zilikuwa Nairuzi na Mihrajani. Hapana Idi ya tatu.

Pili, hoja ya kukufurisha. Hii imesahau historia. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Muharram huzunguka misimu yote. Mkulima hawezi kupanda kwa Muharram, wala nahodha kung'oa nanga kwa Rajabu. Ndiyo maana mwaka 282 Hijria (895), Khalifa Al-Mu'tadid wa Bani Abbas aliisogeza Nairuzi hadi 11 Juni, ili kodi ya ardhi isidaiwe kabla ya mavuno. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alihesabu nyakati za safari za Bahari ya Hindi kwa siku za Nairuzi. Waswahili nao waliugawa mwaka wa siku 365 kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua majira ya kaskazi na kusi. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, husogea siku moja kila miaka 4. Kwa hiyo haukai pamoja na Nairuzi ya Uajemi ya mwezi wa Machi. Je, Ibn Majid alikufuru kwa kuhesabu siku?

Basi tupambanue. Hisabu ya miongo ni mubaha, tena ni elimu yenye manufaa. Kumkirimu mgeni ni jambo jema. Kuitakidi kuwa asiyepata mgeni siku hiyo atapatwa na nuksi ni batili. Kuoga ni usafi. Kuitakidi kuwa maji hayo yanaondoa balaa za mwaka si usafi tena. Akiwapo anayeamini kuwa moto wa kibanda hufukuza shari, au anayeutazama moshi ili ajue ya mbele, hilo ni la ukahini, na uharamu wake hauna mjadala.

Iko hoja nzito zaidi: Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) juu ya kujifananisha na watu wengine, ambayo Ibn Taymiyya aliifafanua kwa urefu katika Iqtidhaa. Hoja hii tunaiheshimu, na kwa ajili yake hatuitetei sherehe yenyewe. Lakini kukataza ni jambo moja na kukufurisha ni jingine. Kijana anayemwita babu yake kafiri kwa sababu ya Mwaka Kogwa amejitwisha mzigo mkubwa kuliko moshi wa makuti.

Masheikh wetu wakae na wazee: waiandike hisabu ya miongo kabla haijapotea, na waisahihishe itikadi kwa hekima.

Wallahu aalam.