Fremu Isubiri Wapi? Kutuliza picha kwenye monita ya 60 Hz

Kompyuta nyingi zinazochezewa gemu Nyamira hazikutengenezewa gemu. Ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizomaliza zamu yao katika ofisi za Ulaya, zikaingia Kenya kama mtumba, kisha zikapanda gari hadi Kisii, Keroka au Nyamira mjini. Mwenyewe huiongezea kadi ya grafiki isiyodai waya wa ziada wa umeme, aghalabu GT 1030 au GTX 1050 Ti, kwa kuwa pawasaplai ya ofisi haina waya huo. Monita nayo ni ya ofisi: 60 Hz, na kebo ya VGA. Mashine ya namna hii inacheza gemu nyingi bila shida. Ila malalamiko mawili hayakosi. Picha hupasuka katikati ukigeuka haraka, na ukizuia mpasuko huo, kipanya kinakuwa kizito kama kinachovutwa matopeni.

Ushauri unaotolewa ni wa aina tatu: zima V-Sync, washa V-Sync, au nunua kadi kubwa zaidi. Wa kwanza na wa pili una nusu ya ukweli kila mmoja. Wa tatu mara nyingi ni pesa iliyopotea, na inaniuma kuona kijana akidunduliza miezi kadhaa anunue kadi mpya kisha akutane na mpasuko ule ule. Mpasuko hauletwi na udhaifu wa kadi. Unaletwa na vifaa viwili visivyoambiana saa.

Monita ya 60 Hz huchora picha mara 60 kwa sekunde, mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kila picha huchukua takriban milisekunde 16.7. Haimngoji mtu. Kadi ya grafiki, kwa upande wake, humaliza fremu inapomaliza: hii kwa milisekunde 9, ile kwa 14, na penye moshi na milipuko hata 20. Fremu mpya ikikabidhiwa monita ikiwa imefika mstari wa 400, mistari ya juu inabaki na fremu ya zamani na ya chini inachukua mpya. Ukigeuza kamera kwa kasi, nguzo iliyonyooka inaonekana imekatwa na kipande chake cha chini kimesogea kando.

V-Sync huondoa hilo kwa amri moja: fremu isikabidhiwe mpaka monita imalize kuchora na kurudi juu. Hapo ndipo uzito wa kipanya unapozaliwa. Gemu likitoa fremu kwa kasi kuliko monita inavyozipokea, zilizokamilika hupanga foleni, na katika gemu za DirectX 11 foleni hiyo kwa kawaida huruhusiwa kufika fremu 3 kabla gemu halijasimamishwa. Fremu 3 kwa 60 Hz ni milisekunde 50, na kila mojawapo ilisoma kipanya chako kabla haijaingia kwenye foleni. Unachokiona ni mahali mkono wako ulipokuwa, si ulipo.

Mkulima wa chai atalielewa hili upesi. Lori la kiwanda hupita kituoni kwa saa yake. Ukichuma alfajiri na lori lije jioni, majani yatanyauka kikapuni ukiwa kwenye foleni. Ukipima muda, ukaingia shambani baadaye na kufika kituoni lori likifunga breki, majani ni mabichi. Umesubiri vilevile, ila umesubiri kabla ya kuchuma. Ufundi wote wa kupunguza uzito wa kipanya umo humo. Mbele ya monita yenye mwendo usiobadilika, kusubiri hakuepukiki. Kinachowezekana ni kuihamisha subira hiyo ije kabla gemu halijasoma kipanya, isije baada.

Milisekunde 50 zina uzito gani? Gemu la mapigano la Tekken huendeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka kabisa ya wahusika wengi hufika baada ya fremu 10, yaani milisekunde 167 hivi. Foleni ya fremu 3 inakunyang'anya karibu theluthi ya muda wa kuiona na kuijibu. Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa ustadi wake katika gemu hilo, na baadhi ya mapigo ya Tekken hudai mwelekeo na kitufe vibonyezwe ndani ya fremu ile ile. Anayejifunzia kwenye mashine yenye foleni anajifunza muda usio sahihi, na akikaa kwenye mashine nzuri mashindanoni mikono yake itakosea.

Sasa kazi yenyewe. Chukua gemu la risasi kwenye OptiPlex yenye 1050 Ti. Hatua ya kwanza ni kufungua mipangilio ya skrini ndani ya Windows na kusoma mwendo halisi wa monita. Wengi hudhani ni 60 kamili, lakini mara nyingi utakuta 59.94 au namba iliyo jirani nayo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowashinda watu wengi. Ukiweka kikomo cha fremu 60 kwenye monita ya 59.94 huku V-Sync imewashwa, gemu linaitangulia monita kwa fremu 0.06 kila sekunde. Ni kidogo, lakini hujilimbikiza. Baada ya sekunde 50 foleni ya fremu 3 imejaa, na ikishajaa haipungui. Mchezaji anaanza mechi kipanya kikiwa chepesi, dakika moja baadaye kimekuwa kizito, naye anailaumu intaneti.

Kikomo kikishuka hadi 59.93, mambo yanageuka. Sasa monita ndiyo inayotangulia, kwa fremu 0.01 kila sekunde, kwa hiyo foleni haijazi kamwe. Gharama yake ni kwamba mara moja katika kila sekunde 100 monita itakosa fremu mpya na kurudia ya zamani. Wachezaji wengi hawataigundua. Programu inayokubali desimali hizo ni RivaTuner Statistics Server, ya bure, ambayo wengi tayari wanayo kwa kuwa huja pamoja na MSI Afterburner. Kikomo cha ndani ya gemu chenyewe mara nyingi ni chepesi zaidi mkononi, maana gemu hujizuia kabla halijasoma kipanya, lakini kwa kawaida hukubali namba nzima tu. Ukiweka 59 kwenye 59.94, picha itagutuka karibu kila sekunde, na mgutuko huo unaonekana wazi ukizungusha kamera polepole.

Lakini kikomo hakisaidii kitu ikiwa kadi haiwezi kukifikia, na hapa ndipo napatilia mkazo kuliko pengine popote. Kadi ikifanya kazi kwa asilimia 99, fremu hupanga foleni mbele yake hata kama V-Sync imezimwa, kwa sababu prosesa inaendelea kuipelekea kazi mpya kabla ile iliyotangulia haijamalizwa. Na kama V-Sync imewashwa bila bafa ya tatu, yaani nafasi ya ziada ya kuhifadhi fremu, basi fremu iliyochukua milisekunde 17 badala ya 16 imelikosa lori. Itangoja linalofuata, na mwendo utaanguka ghafla kutoka 60 hadi 30. Kwa hiyo punguza vivuli kwanza, kwani ndivyo vinavyokula kadi ndogo kuliko vyote, kisha ubora wa moshi na maji, huku ukitazama namba za Afterburner kwenye kona ya skrini. Usipime ukiwa umesimama ukutani. Pima palipo na vurugu kubwa, na ukiona kadi inabaki karibu asilimia 80 hapo, umefika. Kwenye paneli ya NVIDIA, tangu draiva za Agosti 2019, kuna kipengele cha Low Latency Mode kinachobana foleni ya gemu za DirectX 11 na zilizotangulia. Kwa DirectX 12 na Vulkan, gemu lenyewe ndilo linaloamua.

Gemu zenye Reflex, teknolojia iliyotolewa na NVIDIA mwaka 2020, hufanya sehemu kubwa ya kazi hii zenyewe: huizuia prosesa isianze fremu mpaka kadi ikaribie kuwa tayari. Inafanya kazi kuanzia kadi za GTX 900, kwa hiyo 1050 Ti imo. Iwashe. AMD nao walijaribu njia yao ya Anti-Lag+ mwaka 2023, lakini iligusa msimbo wa gemu lenyewe, na Oktoba mwaka huo baadhi ya wachezaji wa Counter-Strike 2 wakafungiwa kama walaghai. AMD waliiondoa draiva iliyokuwa na kipengele hicho. Nawasihi wachezaji wasipakue vitu vinavyojiingiza ndani ya gemu la mtandaoni kwa tamaa ya milisekunde chache.

Asiyetaka V-Sync kabisa ana njia nyingine, iliyomo ndani ya RivaTuner ile ile, iitwayo Scanline Sync. Monita ya mistari 1080 kwa kawaida huhesabu mistari 1125. Ile 45 ya ziada haionekani, nayo huchukua takriban milisekunde 0.67. Scanline Sync hulenga kukabidhi fremu ndani ya mwanya huo. Mpasuko unakuwepo, ila umefichwa mahali pasipo na picha. Unabadilisha namba ya mstari mpaka mpasuko upande juu na kutoweka. Ni njia nyepesi sana mkononi, lakini inahitaji kadi yenye nafasi ya kutosha. Ikizidiwa, mpasuko unashuka tena katikati.

Kabla ya yote hayo, tenganisha magonjwa. Fungua hali ya mazoezi isiyotumia intaneti. Uzito ukibaki, mtandao hauhusiki. Anayetumia runinga badala ya monita awashe hali ya gemu kwenye runinga hiyo, maana usindikaji wa picha peke yake unaweza kuongeza makumi ya milisekunde. Na mwenye laptopu akumbuke kwamba stima ikipotea, kadi hupunguziwa nguvu mara mashine inapoingia kwenye betri, na mahesabu yote yaliyopangwa hapo juu yanavunjika.

Dawa kamili ni monita inayoingoja kadi. NVIDIA walitangaza G-Sync Oktoba 2013, shirika la viwango la VESA likaingiza Adaptive-Sync kwenye DisplayPort mwaka 2014, na tangu Januari 2019 kadi za GTX 10 zinaweza kutumia monita za kawaida za FreeSync, yaani zinazotumia Adaptive-Sync hiyo, kupitia DisplayPort. VGA haiwezi, hata monita iwe na uwezo huo. Kwa hiyo kabla hujalipia monita ya mtumba Kisii mjini, igeuze utazame matundu ya nyuma. Ikiwa ina DisplayPort na menyu yake ina FreeSync, ichukue pamoja na kebo yake. Ikiwa ni VGA peke yake, bakiza pesa zako, rudi kwenye ile uliyo nayo, na uweke kikomo chini kidogo ya namba yake halisi.