Kanuni za Mtahini Ziko Wapi?

Wengi waliofuatilia mtihani wa uwakili wa California wa Februari 2025 wanakumbuka skrini zilizoganda. Mimi nakumbuka maswali 23. Skrini ikiganda ni uzembe, na uzembe una dawa: unaachana na kampuni, unarejesha ada, unarudi ukumbini. Lakini kumkabidhi mpimaji wa maswali kazi ya kuyatunga maswali hayo hayo, tena kwa msaada wa akili mnemba, kisha ukakaa kimya mpaka watu wamekwisha kuufanya mtihani, huo ni uamuzi. Ulikuwa uamuzi mbovu tangu siku ulipopitishwa, na hakuna maelezo yaliyotolewa baadaye yaliyouponya.

Habari ya nyuma mnaijua, kwa hiyo naipitia mbiombio. State Bar ya California, chombo kinachosimamia mawakili wa jimbo hilo, kilikuwa kimebanwa na fedha. Mtihani wa MBE, ule wa maswali 200 ya kuchagua jibu ambao majimbo mengi ya Marekani yanautumia tangu 1972, haufanyiwi nyumbani. NCBE, baraza la kitaifa la watahini wa uwakili linaloumiliki, haliruhusu. Kuutumia maana yake ni kukodi kumbi kubwa kila Februari na kila Julai. Agosti 2024 State Bar ikasaini na Kaplan mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 8.25 ili itungiwe maswali yake yenyewe, na kampuni ya Meazure Learning ikapewa kuuendesha mtihani, majumbani na vituoni. Mtihani ulianza tarehe 25 Februari 2025. Hata miezi saba haikutimia.

Aliyewahi kukaa kwenye jopo la kutunga maswali anajua kwamba miezi hiyo haitoshi. Swali la kuchagua jibu linaonekana jepesi kwa anayelisoma, lakini kulitunga ni kazi ya taratibu mno. Mtunzi analeta rasimu. Mwenzake anaipinga: jibu B nalo ni sahihi ukilisoma kwa namna fulani, jibu D halimdanganyi mtu yeyote. Linaandikwa upya. Likisha kupita hapo, linachomekwa kwenye mtihani halisi bila kuhesabiwa alama, watahiniwa wanalijibu pasipo kulijua, na takwimu zinasema: wangapi wamelipata, na je, waliolipata ndio hao waliofanya vizuri kwenye maswali mengine? Swali linalopatwa na dhaifu na kukoswa na hodari linatupwa, hata kama limeandikwa na profesa. Linalosalimika ndilo linaloingia kwenye hesabu, na baadhi yake yanarudiwa mwaka hadi mwaka ili mtihani wa leo uweze kulinganishwa na wa juzi. MBE ilijijenga hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Wazee waliouasisi walikuwa na kalamu, karatasi na subira, na mpaka leo sijaona kampuni ya teknolojia iliyowafikia.

Sasa tazama kilichowekwa mbele ya watahiniwa zaidi ya 4,000 wa California. Maswali yaliyohesabiwa alama yalikuwa 171. Kati ya hayo, 100 yalitoka Kaplan. Mengine 48 yalichukuliwa kutoka mtihani wa wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza, na jambo hilo peke yake lingestahili safu nzima, maana unampima mtu anayeomba kusimama mahakamani kwa swali lililotungwa kumpima aliyemaliza mwaka mmoja wa masomo. Yaliyobaki, 23, yalitungwa na ACS Ventures kwa msaada wa akili mnemba. Jumlisha: 71 kati ya 171 hayakutoka kwa kampuni ambayo mkataba wake ulitangazwa kwa mbwembwe. Watahiniwa waliambiwa watakutana na maswali ya Kaplan, wakajiandaa kwa sampuli za Kaplan.

ACS Ventures ni nani? Ndio wataalamu wa vipimo wa State Bar. Kazi yao ni kuyachambua majibu baada ya mtihani, kusema lipi ni swali zuri na lipi ni bovu, na kupendekeza alama ya kufaulu iwe ngapi. Wahasibu wanaosoma safu hii wataliona tatizo bila kuelezwa: ni sawa na mkaguzi wa nje kuandaa hesabu za kampuni, kisha akazikagua na kuzitolea hati safi. Hata kama kila tarakimu ni sahihi, hati hiyo haina thamani, kwa sababu aliyetakiwa kuwa na shaka hakuwa na sababu ya kuwa nayo. Swali bovu lilitakiwa kukataliwa na mtu ambaye halimgusi. Hapa mwenye mamlaka ya kulikataa ndiye aliyelizaa.

Tena hakuna aliyeambiwa. Habari ilitoka tarehe 21 Aprili 2025, karibu miezi miwili baada ya mtihani, ndani ya taarifa iliyohusu marekebisho ya alama. Mahakama ya Juu ya California, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya nani anakuwa wakili jimboni humo, ilisema nayo haikuwa na habari. Utetezi ulikuwa kwamba maswali yalipitiwa na majopo ya wanasheria, na kwamba mahakama hiyo hiyo iliwahi kuihimiza State Bar iangalie teknolojia mpya. Sikubaliani na lolote kati ya hayo mawili. Kuhimizwa kuangalia si kuruhusiwa kutumia kimyakimya. Na jopo likipitia swali bila kuambiwa limetoka wapi, linasoma sentensi tu. Akili mnemba ina tabia ya kuandika sentensi nzuri inayokosea sheria, na ni juu ya makosa ya aina hiyo msomaji anapaswa kutahadharishwa mapema.

Naomba nieleweke. Sipingi chombo chenyewe, yaani akili mnemba. Kikitumika kutoa rasimu, mwanasheria akaivunjavunja, ikajaribiwa bila alama, takwimu zikaipitisha, na kitabu cha mwongozo kikaeleza hayo yote kabla mtu hajalipa ada, sina neno.

Linaloniudhi hasa ni hili. Chukua mtahiniwa wa siku ile aliyekaa nyumbani kwake. Ameonyesha kitambulisho kwenye kamera. Amezungusha kompyuta ili msimamizi aione meza, chini ya meza, ukutani. Simu imetoka chumbani. Siku ya kwanza ana insha tano, saa moja kila moja, kisha zoezi la vitendo la dakika 90: anapewa jalada la kesi na maandiko ya sheria, aandike waraka kama wakili kazini. Jalada na ukurasa wa kuandikia vyote viko kwenye skrini moja. Watahiniwa wakaripoti kwamba kunakili na kubandika hakufanyi kazi, herufi zinachelewa kutokea, programu inawatupa nje, msimamizi anawakatiza katikati ya sentensi, insha haihifadhiki. Na muda wote huo yeye ndiye anayechungwa. Kama angefungua programu ya akili mnemba imsaidie kujibu hata swali moja, angefutiwa mtihani, na faili lake lingekwenda kwa wanaopima tabia njema ya waombaji. Baadhi ya waliomtungia maswali walitumia chombo hicho hicho, na hakukuwa na kanuni hata moja iliyowataka wamwambie.

Hilo ndilo nimekuwa nikilipigia kelele tangu Agosti 2020, wakati watahiniwa wa uwakili Uingereza walipoambiwa kwamba kutoka mbele ya kamera ni kumaliza mtihani, na baadhi yao wakajisaidia kwenye chupa na ndoo ili wasipoteze mwaka. Kanuni ile nayo iliandikwa na watu makini, ikapitishwa na vikao, ikapewa namba. Haikuwahi kuuliza mtahini anadaiwa nini.

Na wasomaji wa Tanzania hawahitaji mfano wa mbali. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa Februari 2013 kwa utaratibu mpya wa madaraja ambao shule hazikuwa zimeandaliwa, na Mei serikali ikayafuta na kuagiza yachakatwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Karatasi za majibu hazikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kipimo, na kilibadilishwa kwa mara ya kwanza bila mpimwaji kujua, kwa mara ya pili kwa kuwa kelele zilizidi. Nilisema wakati ule na nasema tena: ukigusa kipimo, tangaza kabla ya mtihani.

California nayo ilifika huko huko. Wataalamu wa vipimo walipendekeza alama ghafi ya kufaulu iwe 560. Kamati ya watahini ikaomba ishushwe hadi 534, na mahakama ikakubali mwanzoni mwa Mei. Katika matokeo ya kwanza waliofaulu wakawa asilimia 55.9, wakati Februari 2024 walikuwa asilimia 33.9. Kwa watahiniwa nafurahi, walistahili ahueni. Kwa hesabu, marekebisho yale hayakuwa sahihi. Ukishusha alama kwa wote, unamwongezea aliyekaa kituoni bila hitilafu kiasi kile kile unachomwongezea aliyepoteza insha nzima. Wa kwanza hakuhitaji, wa pili hakutosheka. Waliokosa sehemu ya majibu walikadiriwa alama kutokana na yale waliyofanikiwa kuyajibu, na hapo angalau kulikuwa na hoja. Lakini makadirio hayo yanategemea ubora wa maswali yaliyobaki, na tumerudi kwenye yale 23.

Mahakama ilifanya vyema kuamuru mtihani wa Julai 2025 urudi kwenye MBE, ukumbini. State Bar imeishtaki Meazure, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo, kesi dhidi ya mwenye mitambo haisemi lolote juu ya aliyeamua nani atunge maswali.

Mambo haya yanatuhusu. Wakili aliyekwisha kuapishwa Nairobi au Dar es Salaam anaruhusiwa kuomba kufanya mtihani wa California, na wapo wetu wanaoujaribu. Wanafunzi wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, huku kwetu wamesikia kwamba mitihani ya mbali inafungwa kuanzia Machi 2026 kwa sababu ya udanganyifu, na nauona uamuzi huo kuwa wa busara, ingawa nao kwa mara nyingine unazungumzia makosa ya mtahiniwa peke yake. Kenya ilipiga hatua mwaka 2012 ilipoweka katika sheria kwamba anayefundisha mawakili na anayewatahini wawe vyombo viwili. Bado hatua moja: anayetunga na anayepima nao watenganishwe.

KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu ya Kenya, ipo tangu 1969; NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, tangu 1972. Ni bodi zilizolelewa na wasimamizi wa ukumbini ambao umeme ukikatika walisimamisha saa na kuandika taarifa. Kitabu chao cha kanuni kinamwambia mtahiniwa alete nini, aache nini, na akikamatwa atafanywa nini. Nataka kiongezwe ukurasa unaomhusu mtahini: maswali yametungwa na nani, yamejaribiwa wapi, ni chombo gani kimetumika kuyaandika, nani asiyehusika ameyapitia, alama ya kufaulu inapangwaje na haibadilishwi baada ya tarehe ipi, na mfumo ukianguka saa nne asubuhi, mtahiniwa analipwa dakika ngapi na nani anasaini kwamba amezipata.